Mama Njiti na Samaki wa Ukutani

Mwanamke huyu alikuwa mfagizi wa ukumbi wa wavuvi wa ndoana kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuvua samaki hata mmoja. Watu walimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba anayefua nguo za watu kutwa nzima haendi kwake kutafuta nguo chafu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu cha matofali kando ya bwawa la maji ya mji. Ulikuwa na madirisha matatu, meza moja ndefu, viti ambavyo hakuna viwili vilivyofanana, na nje, chini ya paa la bati, meza ya saruji yenye bomba. Hapo ndipo samaki walipopimwa na kupasuliwa. Kazi yake kwa mkataba ilikuwa kufagia. Kupasua samaki alianza mwenyewe, baada ya kuona wavuvi wanavyowachana kama watu wanaofungua barua ya deni. Mwisho kila mtu alimletea samaki wake yeye, na kisu chake hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Jina la Mama Njiti alilipata mwaka wa tatu wa kazi, siku alipokuja bwana samaki kutoka ofisi ya uvuvi.

Bwana samaki aliitwa kwa sababu ya ugomvi. Kwa miaka mingi wavuvi wale waliita kila chenye sharubu kambare, wakawaandika wote kwenye orodha moja ya mashindano. Kumbe bwawani mlikuwa na samaki wa aina mbili, kambare na vundu, na vundu hukua akawa mkubwa zaidi, kwa hiyo waliovua kambare walikuwa wakishindana na jambo ambalo hawakuambiwa. Ukiwatazama wawili hao utasema ni mtu na nduguye. Wote wana kichwa bapa, mdomo mpana, sharubu nane, ngozi isiyo na magamba na mgongo wa kijivu. Wote hula wenzao bila kuona haya.

Bwana samaki aliwalaza wawili mezani, mmoja wa kila aina.

"Tazameni mgongo," alisema. "Kambare ana pezi moja refu. Linaanzia nyuma ya kichwa linakwenda mpaka karibu na mkia, na lote lina njiti ndani, vijiti vyembamba kama vya mwavuli. Vundu pezi lake la njiti linakatika njiani. Halafu linafuata la pili, nene, la mafuta, halina njiti. Mmeelewa?"

Wanaume wote walisema wameelewa. Bwana samaki alikuwa mtu mzima, ameshasikia neno hilo mara nyingi. Akawafunika samaki kwa gunia bichi, akawazungusha, akataka mmoja mmoja aingize mkono na kusema yupi ni yupi. Wa kwanza alikosea. Wa pili alishika sharubu akatoa hotuba. Wa tatu alisema gunia linamchanganya. Mfagizi alikuwa anafuta maji mezani. Alipofika kwenye gunia alipitisha mkono chini yake, kama anayetafuta sabuni.

"Huyu ana njiti mpaka mwisho," alisema. "Huyu mwingine hana." Akaendelea kufuta.

Tangu siku hiyo zikawa orodha mbili, na hakuna samaki aliyeandikwa kabla mkono wa Mama Njiti haujapita mgongoni mwake. Hakuwa na upendeleo. Fundi viatu mmoja alileta kambare wa kilo nne, wa kwanza katika maisha yake, akaambiwa ni vundu. Alitokwa na machozi mbele za watu. Mwingine alikataa katakata, akasema samaki wake hanuki hata kidogo. Ilibidi aelezwe kwamba vundu si uvundo.

Sasa, ndani ya ukumbi, juu ya mlango wa stoo, alikuwapo samaki mmoja ambaye hakuwahi kupimwa upya. Huyo alikuwa wa Mwenyekiti wa chama cha wavuvi.

Mwenyekiti alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Miaka kumi na tisa nyuma, kabla ya habari za orodha mbili, alivua samaki wa kilo ishirini na nne, akampeleka kwa fundi wa kukausha wanyama, na fundi akamrudisha akiwa amepakwa rangi na kupigiliwa kwenye ubao. Orodha zilipogawanywa, samaki huyo aliwekwa kwa kambare, kwa sababu ndivyo ubao ulivyosema. Kila mkutano wa mwaka Mwenyekiti alisimulia jinsi alivyompata. Hadithi ilirefuka mwaka hadi mwaka. Samaki, kwa kuwa alishakaushwa, alibaki vilevile.

Kila Ijumaa Mama Njiti alipanda kigoda kumpangusa vumbi. Ijumaa moja, wiki chache baada ya somo la bwana samaki, kitambaa kiliteleza na vidole vyake vikapita moja kwa moja kwenye mgongo wa samaki wa Mwenyekiti. Njiti, njiti, njiti. Kisha pengo. Kisha kitu kinene, laini, kisicho na njiti hata moja.

Alishuka kwenye kigoda. Akamaliza madirisha.

Mwenyekiti ndiye aliyempa kazi wakati hakuna aliyempa. Mama Njiti alipofiwa na mama yake, Mwenyekiti alikaa msibani siku mbili, tena kwenye mkeka, na magoti yake mabovu. Kwa hiyo Mama Njiti alijisemea: funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba mwanaharamu huyu hakupita. Alikuwa amepigiliwa misumari ukutani.

Jambo hilo lingeishia hapo kama asingekuwa na mume.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na bwawani walimwita Subira, kwa sababu alikuwa nayo na kwa sababu hakuwa na kingine cha kuonyesha. Kila Jumamosi alfajiri alibeba fimbo ya kuvulia, ndoo na kigoda chake, akaenda kukaa upande wa kina kirefu, mbali na wenzake. Hakunywa, hakucheza karata, hakusema sana. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kambare wa zaidi ya kilo ishirini na nne. Miaka saba nyuma alipata wa kilo kumi na sita, samaki ambaye mtu mwingine angemtembeza mtaa mzima. Alimtazama, akasema, "Kumi na sita ni nini mbele ya ishirini na nne?" akamrudisha majini. Mkewe alikuwa amesimama pale pale.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali. Mshipi wa Subira ulivutwa mara moja, polepole, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kisha ukaondoka. Alipambana na samaki kwa saa moja na nusu. Watu waliacha fimbo zao wakaja kumshauri, kila mmoja kinyume cha mwenzake, na yeye hakumsikiliza yeyote. Samaki alipotoka, wanaume wawili walimbeba kwenye gunia bichi mpaka kwenye mizani.

"Kilo ishirini na mbili na gramu mia tatu," alisoma katibu wa chama.

Wakamlaza kwenye meza ya saruji. Mama Njiti alinawa mikono, akaikausha, akapitisha vidole. Njiti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Aliliinua pezi likapigwa na jua, watu wakaona vijiti vimepangana kama meno ya kitana.

"Kambare," alisema.

Katibu aliandika, kisha akainua kichwa. "Wa pili katika historia ya chama. Pole, Subira. Umekosa kidogo tu."

"Si neno," alisema Subira. Alinawa mikono. Alipokuwa anaikausha alitazama, kupitia mlango uliokuwa wazi, juu ya mlango wa stoo. Alitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake. Mkewe aliliona jicho lile, akachukua kisu akaanza kumpasua samaki.

Mchana walikula nyumbani. Baada ya kula Subira aliketi mlangoni na kopo lake la ndoana, akaanza kuzifuta kutu moja moja. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake.

"Yule wa ukutani ni vundu," alisema.

Subira alifuta ndoana aliyokuwa nayo mpaka ikang'aa. "Tangu lini?"

"Tangu azaliwe, nadhani."

"Nauliza wewe umejua tangu lini."

"Miaka kumi na moja."

Mumewe aliweka ndoana ndani ya kopo, akafunika kopo. "Yule wa kilo kumi na sita angekuwa wa kwanza."

"Ndiyo."

"Nilimrudisha majini. Wewe ukaniambia nimefanya vizuri."

"Ulifanya vizuri."

"Mke wangu," alisema Subira, na sauti yake haikupanda, jambo ambalo kwa mkewe lilikuwa baya kuliko kelele, "miaka kumi na moja nimekaa kwenye kina kirefu, jua langu, mvua yangu, nikimtafuta samaki ambaye hayupo. Na wewe unanifungia chakula kila Jumamosi."

Mkewe alisema tu kwamba alimwonea haya Mwenyekiti, na kwamba kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Subira alitikisa kichwa. Akasema, "Sasa usiseme tena. Samaki wangu kaja, mke wangu kagundua. Watu watasema nini? Watasema umenibeba mgongoni."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Njiti alilala nalo siku mbili. Aliyemwamulia si mumewe. Alikuwa yule fundi viatu. Alimkumbuka alivyofuta macho kwa mkono wenye harufu ya gundi. Kama aliweza kumliza maskini wa watu kwa ajili ya kilo nne, basi akimnyamazia Mwenyekiti haki yake ni ya kupima wadogo peke yao.

Jumatatu alivaa gauni lake la kwendea mikutano akaenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Sebule ilikuwa na kochi lililofunikwa vitambaa vya kufumwa na ramani ya zamani iliyotiwa fremu. Mke wa Mwenyekiti, mama mfupi mwenye miwani minene, alimpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Kaa, kaa. Umekonda."

Alileta chai, akatoka. Mama Njiti alisema yote kwa pumzi moja, mikono kwenye magoti. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nimepima ardhi ya watu miaka thelathini na mitano," alisema. "Unaniambia sijui samaki wangu mwenyewe?"

"Sisemi hujui, mzee. Nasema ana mapezi mawili."

Mwenyekiti alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Na mumeo ndiye wa pili."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana nimekuja mchana, kwa miguu yangu, watu wote wananiona."

Mwenyekiti hakukasirika, au alikasirika ndani kwa ndani kama watu wa zamani walivyofundishwa. Mwisho alisema: "Jumamosi tutamshusha. Mbele ya wote. Tena mtu asije akasema nimefichaficha."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Hata wasiovua walikuja. Mwenyekiti alikuja na mkewe, ambaye hakuwa ameingia humo kwa miaka mingi. Aliketi dirishani na mkoba wake mapajani. Subira alisimama nyuma kabisa, karibu na ndoo. Misumari ilikuwa imeshika kutu na ilimchukua katibu dakika kumi kuing'oa. Walipomtoa, nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi ya asili, safi, katika umbo la ubao.

Walimlaza mezani. Mama Njiti alipitisha mkono, taratibu. "Njiti. Njiti. Pengo. Na hapa, laini." Akasogea wengine nao washike. Walishika, mmoja mmoja. Hata fundi viatu alishika, kwa muda mrefu kuliko wote. Wakakubaliana.

"Ngojeni," alisema Mwenyekiti.

Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua rangi kwenye lile pezi laini. Ikatoka rangi, kisha unga mweupe. Akakwangua zaidi. Unga ukazidi. Akakwangua kwenye tumbo, kwenye mkia. Unga, na chini ya unga gazeti lililokunjwa, lenye nusu ya tangazo la magodoro. Samaki kuanzia katikati kwenda nyuma alikuwa plasta.

Katibu alikuwa na namba ya yule fundi wa kukausha wanyama, ambaye sasa alikuwa mzee sana. Alimpigia, akaweka sauti ya nje, na Mwenyekiti akamuuliza habari za samaki yule.

"Nakumbuka," ilisema simu. "Uliniletea kichwa na mabega, basi. Nyuma nikajazia mwenyewe."

"Na mapezi?"

"Nilikisia. Nilitazama picha ya samaki kwenye kalenda."

"Samaki gani?"

"Sasa hilo, baba, utaniuliza mimi?"

Mama Njiti alihisi masikio yanawaka moto. Miaka kumi na moja alikuwa na hakika isiyotikisika, ndani ya nyumba amevunja roho ya mumewe kwa ajili yake, na hakika yenyewe ilikuwa chokaa na kalenda. Mwenyekiti alimtazama. Hakumtazama kwa ubaya.

"Kwa hiyo, Mama Njiti? Ni nani huyu?"

"Sijui," alisema. Kwenye meza ile lilikuwa neno geni.

Wakatafuta picha ya siku ile. Ilipatikana kwenye kabati, chini ya vikombe. Mwenyekiti, kijana zaidi, ameinua samaki kwa mikono miwili; mbele ya nusu ya nyuma ya samaki amesimama katibu wa wakati huo, anatabasamu. Mtu mmoja akasema basi yaishe, samaki arudi ukutani.

"Mkia nilipika mimi," alisema mke wa Mwenyekiti.

Wote waligeuka. Alikuwa bado amekaa dirishani, mkoba mapajani.

"Mlimkata hapa hapa, siku ile ile, mkisema wageni wana njaa. Kichwa kikaenda kwa fundi, mkia ukaja jikoni kwangu. Mgongoni kulikuwa na pezi moja nene hivi, laini kama sikio la ng'ombe, halina njiti. Nilifikiri ni ugonjwa. Nikalikata, nikalitia kwenye kikaango peke yake, likatoa mafuta yake lenyewe. Nilisema huyu samaki ana akili, kaja na mafuta ya kumkaangia."

"Mama watoto," alisema Mwenyekiti polepole, "miaka kumi na tisa. Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza habari za mkia? Kila mwaka mlikuwa mnasimulia kichwa."

Hakuna aliyecheka, kwa heshima, isipokuwa fundi viatu, ambaye alitoka nje. Mwenyekiti alivua kofia, akaiweka mezani kando ya samaki. Kisha akamgeukia katibu.

"Andika. Vundu, kilo ishirini na nne, wa kwangu. Anakuwa wa ngapi upande wa vundu?"

Katibu alihesabu kwa kidole. "Wa sita, Mwenyekiti."

"Si haba. Andika tena. Kambare, kilo ishirini na mbili na gramu mia tatu, wa kwanza. Wa fundi bomba." Alinyanyua macho akamtafuta Subira mpaka nyuma kwenye ndoo. "Njoo mbele, bwana. Mtu wa kwanza hasimami nyuma."

Subira alikwenda mbele. Walipeana mikono. Mtu alipendekeza samaki wake akaushwe, apigiliwe pale palipobaki wazi, ndipo ikakumbukwa kwamba aliliwa Jumapili iliyopita. Hata kichwa kilikuwa kimeliwa.

Nyumbani mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Subira alikuwa mpole, lakini kwa wiki mbili alijifungia chakula chake mwenyewe. Wiki ya tatu, akiwa chini ya sinki la jirani anakaza bomba, na mkewe amemshikia tochi, alisema bila kutoa kichwa, "Siku nyingine ukijua kitu, niambie. Hata kama baadaye kitakuja kuwa plasta."

"Nitakuambia."

"Nipe spana."

Mwenyekiti hakuonekana Jumamosi nne. Ya tano alikuja, akavua, hakupata kitu, akanywa chai na wenzake. Alisimulia habari za mpaka fulani aliowahi kuupima, uliopita katikati ya chumba cha kulala cha watu. Mama Njiti naye alibadilika kidogo. Hata samaki awe wazi namna gani, baada ya kupitisha mkono alimwambia mwingine naye apitishe, halafu mwingine tena, na walipotofautiana alisubiri.

Miezi minane baadaye muuza mikate mmoja, aliyeanza kuvua wiki sita tu zilizopita na kwa fimbo ya kuazima, alitoa kambare wa kilo ishirini na tano. Mikono mitatu ilishika pezi. Njiti mpaka mwisho. Watu walimtazama Subira kuona atafanyaje. Alikuwa wa kwanza kumpa muuza mikate mkono, akamshauri abadilishe mshipi, kisha akaenda zake nyumbani akalala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetua gunia.

Jumamosi iliyofuata jua lilichomoza fimbo ya Subira ikiwa bado imeegemezwa ukutani. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi, ila chai bado ya moto, na kama na yeye ana nafasi, akae.

Alikaa.